Maswali Tuliyofundishwa Kuuliza

Siku ya wazazi tulipanga viti uwanjani tangu asubuhi, tukafagia, tukamwagia vumbi maji lisiruke, na watoto wa kwaya wakavaa soksi nyeupe za kuazimana. Hakuja mtu. Hata yule babu wa chini ya kilima, ambaye alikuwa haachi shughuli yoyote yenye chai, naye hakuja. Saa nane mkuu wetu wa shule, mwanamke mnene mwenye sauti iliyozoea kutiiwa, akasimama mbele ya viti vitupu akasema tuvirudishe darasani. Tukavirudisha. Nakumbuka nilivyochoka siku ile, na si mikono iliyochoka. Ni ule uchovu unaoanza rohoni ndipo ushuke miguuni.

Hiyo ni Kibuli, hapa Kampala, miaka ile jeshi linatawala. Nilikuwa nafundisha darasa la saba. Watu walikuwa wameacha kukusanyika. Harusi zilifupishwa, matanga yalifupishwa, sasa mkutano wa shule aende nani? Ukionekana leo umekaa na watu wengi, kesho utaulizwa mlikuwa mnasema nini. Sisi walimu haya tuliyajua, maana tulikuwa watu wa mji huohuo. Lakini ukishaitwa mwalimu kuna ujinga fulani unaruhusiwa kuwa nao, na sisi tuliutumia wote.

Mkuu akasema kama wazazi hawaji kwetu, sisi tutakwenda kwao. Kila mwalimu atatembelea nyumba za watoto wake jioni baada ya kengele. Akatukumbusha tuliyofundishwa chuoni, kwamba mwalimu mwema huijua nyumba anayotoka mtoto. Ukifika uliza baba anafanya kazi gani, uliza wanakaa wangapi, mtoto analala wapi, nani anamsaidia kusoma. "Kuuliza si ujinga," alimalizia, nasi tukaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyesema Madamu, katika mji huu, mwaka huu, kuuliza ni ujinga mtupu. Mimi pia sikusema. Niliyaona ni maneno ya busara.

Halafu ikaja habari ya lugha. Shule yetu ilikuwa na watoto wa kila kabila, Waganda, Wanubi, Walugbara, hata wa kutoka Kongo, na serikali ilikuwa imeshatangaza Kiswahili lugha ya taifa. Mkuu akaamua tubishe milango yote kwa Kiswahili, akanitazama mimi. Kwetu ni Waswahili wa Kibuli. Babu wa babu alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki. Nyumbani tunasema Kiswahili cha shikamoo na marahaba, cha mgeni kukaribishwa kabla hajavua viatu. Wenzangu walikuwa na kile cha kuokota sokoni. Nikajiona siku yangu imefika. Kumbe.

Nilianza na Kansanga kwa ajili ya msichana mmoja. Alikuwa mwembamba, mkimya, na hesabu kwake zilikuwa mchezo. Nikikosea ubaoni alikuwa ananyoosha mkono na kusema polepole, "Mwalimu, labda mimi ndiye sijaelewa," halafu ananionyesha kosa langu kwa adabu kiasi cha kunikera. Lakini muhula ule alianza kuchelewa. Alisinzia. Siku nyingine hakuja kabisa. Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa mbele yetu, na asiyeufanya shule imemwishia pale pale. Msichana wa umri ule akikaa nyumbani, utasikia tu ameshaposwa. Sikutaka huyu aposwe. Nasema wazi, nilimtaka afike mbali kuliko nilivyomtakia mtoto mwingine yeyote.

Nikaenda kwa miguu, kwa sababu basi halikuwapo na petroli haikuwapo. Unashuka Kibuli, unapita Kabalagala, unaifuata barabara ya Ggaba mpaka maduka ya Kansanga, yale yaliyoachwa na Wahindi, ambayo wakati huo rafu zake zilikuwa na viberiti na hewa. Nyumba ilikuwa nyuma ya maduka, katikati ya migomba. Nilisikia redio, nikasikia mwanamume akikohoa, nikanusa moshi wa jikoni. Nikafurahi nimewakuta.

"Hodi," nikaita. "Hodi, wenyewe."

Niliita kama alivyonifundisha bibi yangu, kwa sauti ya juu, ili wenyeji wapate nafasi ya kujistiri. Redio ikazimwa. Mlango wa nyuma ukalia, na nikasikia mtu akikimbia ndani ya migomba, majani makavu yakivunjika. Nikaona hawakunisikia vizuri. Nikaongeza sauti, "Msiogope, mimi ni mgeni tu," na nadhani hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Baadaye alitoka mwanamke mmoja anajifuta mikono kwenye gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda, iliyopauka. Ndiye mama wa yule msichana. Nikamsalimu kwa Kiswahili safi, nikampa maswali yangu kama nilivyoyabeba. Baba mtoto yuko wapi? Anafanya kazi wapi? Humu ndani mnakaa wangapi? Akajibu kila swali, "Sijui." Mumewe yuko wapi hajui, kazi yake haijui, na idadi ya watu wa nyumba yake mwenyewe haijui. Nilirudi Kibuli nimevimba miguu na hasira, najiambia kwa mama wa namna hii mtoto atafika wapi.

Jumatatu msichana hakuja. Wiki nzima hakuja.

Nilimsimulia mama yangu. Alikuwa anachambua mchele, maana mchele wa siku zile ulikuwa nusu mawe. Akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Umekwenda kwa watu," akasema, "umesimama mlangoni, umesema Kiswahili, umeuliza mume yuko wapi. Wewe mwanangu, umesomeshwa hasara."

"Nimebisha hodi kwa adabu, mama."

"Waliokuja hapa walisema lugha gani?"

Kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, fundi wa magari, alikuwa amechukuliwa mwaka uliopita kutoka karakana alikofanya kazi. Wanaume wenye miwani myeusi, gari, na hakuonekana tena. Kabla ya hapo walipita nyumbani, nami sikuwapo. Tangu siku ile mama hakumtaja kwa jina, na sisi tukajifunza kutomtaja mbele yake. Akaendelea na mchele wake. Baada ya muda akasema, kama anasema na mawe yale, "Lugha yetu wameichafua. Mtu akiisikia mlangoni anatafuta pa kutokea."

Akanieleza la kufanya. Niseme Kiganda, ninachokijua tangu utoto. Nisifike mlangoni, nikae chini uani mpaka waone wenyewe kwamba nimekaa. Wanawake wa Kiganda hupiga magoti wakisalimu. Sisi kwetu magoti ni ya Mungu, lakini kukaa chini mtu hakatazwi. "Na usiulize," akasema. "Neno lolote."

Jaribu wewe kumsalimu mtu bila kumuuliza. Salamu zetu zote ni maswali: habari gani, hujambo, wazima. Nilirudi Kansanga, nikakaa uani kwao nimetandika jani la mgomba, sina la kusema. Yule mama alikuwa anamenya matoke mbele ya jiko, amenipa mgongo. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Basi nikaanza kujisema mwenyewe. Nikamwambia ninakaa Kibuli, chini ya msikiti, na mama yangu mjane. Nikamwambia sijaolewa na wanangu ni wale wa darasani. Nikamwambia mtoto wake anajua hesabu kuliko mimi na naona aibu, lakini ni aibu ninayoipenda. Mwisho, bila kupanga, nikamwambia nilikuwa na kaka.

Kisu kikasimama.

"Musomesa," akasema, ndivyo Waganda wanavyomwita mwalimu, "wewe kwangu unapajua. Unajua mlango wa mbele, na wa nyuma umeusikia. Mimi kwako sipajui."

"Njoo upaone, nnyabo," nikasema, yaani bibi. "Njoo na mtoto."

Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo chuoni hawakutufundisha, kwamba huwezi kwenda kuchungulia nyumba ya mtu na yako umeifunga.

Akaja Jumamosi. Mama alikuwa amehangaika tangu alfajiri utadhani anapokea maharusi. Sukari haikuonekana mjini, wenye nayo waliinunua kwa magendo, kwa hiyo alichemsha mchaichai akaweka kipande cha sukari guru. Ule mchele wenye mawe akautwanga, akapika vitumbua. Mgeni aliingia na gomesi nyingine, safi, na mtoto nyuma yake amebeba mkungu wa matoke kichwani. Akapiga magoti kumsalimu mama. Mama akamshika mikono, "Inuka, mwenzangu, inuka," wakabaki hivyo, mmoja anavuta juu, mwingine anavuta chini, mpaka wote wawili wakacheka kidogo.

Kisha mama akanigeukia. "Kaangalie chai."

Chai ilikuwa mezani, tayari. Nikaelewa kwamba nafukuzwa. Nikaenda kukaa barazani na msichana, nikamwandikia hesabu za sehemu kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu, kwa sababu hata chaki siku zile tulikuwa tunaivunja nusu kwa nusu. Mlango ulikuwa pazia tu. Sikukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana kifuniko.

Mama alikuwa anasema Kiganda, polepole.

"Walikuja watatu. Walibisha hodi, wakaniamkia shikamoo. Vijana wa adabu. Wakaomba maji nikawapa. Wakauliza, mama, kijana wako anafanya kazi wapi siku hizi? Nikawaambia. Nikawaelekeza na njia, nikawaambia wasipite kwa juu, ile njia imekatika. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Hilo sikuwa nimelisikia. Mwaka mzima ninakula naye sahani moja sikuwa nimelisikia. Nilitaka kuingia nimshike, lakini pazia sikulifunua. Msichana aliacha kuandika. Alinisogelea kidogo, akarudisha macho kwenye hesabu yake.

Huko ndani wakashusha sauti, na hapo sikusikia tena hata neno. Walikaa hivyo muda mrefu. Chai yao ilipoa.

Walipotoka, yule mama akaniambia barabara imekuwa mbaya kwa mtoto wa kike kutembea peke yake asubuhi na giza, kwa hiyo mama yangu amekubali akae hapa mpaka mtihani. Akaniomba nisifike tena Kansanga, majirani wana macho, yeye mwenyewe ndiye atakayekuja. Akamwambia mtoto awatii watu, asipoteze mafuta ya taa kwa kusoma kitandani, na asile vitumbua vyote. Akashuka kilima na gomesi yake safi.

Sitaficha, nilijivuna. Shuleni mkuu alinisimamisha mbele ya walimu nieleze mbinu yangu. Mwanamke aliyenijibu sijui kwa kila swali leo amemleta mtoto kwa mkono wake, amenywa chai kwetu, amezungumza na mama. Si ndio ushirikiano huo wa shule na wazazi tuliokuwa tunaimbiwa? Mwenzangu mmoja naye akajaribu kuwaalika wazazi kwake, wakadhani wanaitwa kumlimia shamba, wakaja na majembe. Tulicheka sana, na kicheko kilikuwa adimu miezi ile.

Msichana akakaa kwetu. Sabuni ilikuwa haipatikani, akamfundisha mama kufulia majani ya mpapai, na mama akamfundisha kupika vitumbua. Jioni nilimkalisha na maswali ya mtihani wa zamani. Alijibu yote. Lakini kulikuwa na kitu kilinisumbua. Hakuomba hata siku moja kwenda kwao. Mama yake hakuja, wala hakutuma mtu, na mtoto hakuuliza kwa nini. Nikimwambia, "Mwambie mama aje kabla ya mtihani, mkuu angependa kumwona," anajibu, "Mama ana shamba, Mwalimu," na kuinamia daftari. Nilimwona mkavu. Nilisema hata kwa mama, mtoto huyu ana roho ngumu. Mama akaniambia nimwache asome.

Mtihani akaufanya. Nilikaa nje na walimu wenzangu kama watu waliopeleka mgonjwa, na alipotoka akasema hesabu zilikuwa rahisi isipokuwa moja, na hiyo moja waliiandika vibaya. Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza shuleni kwetu. Alipata nafasi katika sekondari ya wasichana ambayo mimi niliikosa wakati wangu.

Katazo la kufika Kansanga nililivunja siku hiyohiyo. Niliona habari kama ile si ya kumngoja mtu aje. Ni haki ya mzazi kuisikia ingali moto. Nikapita Kabalagala nusu natembea nusu nakimbia, na mwili wote umechoka, maana njaa ya mji ilikuwa imetuingia mifupani. Nikafika kwenye migomba. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Ndizi zilikuwa zimeiva mtini, ndege wanazila. Jikoni mvua ilikuwa imeshabomoa mafiga.

Jirani yao, mwanamke muuza mkaa, alinitazama muda kabla ya kusogea.

"Walihama zamani," akasema. "Siku ile ile alipompeleka mtoto Kibuli. Usiku hawakulala hapa, yeye na mume na wadogo wote. Si wewe ndiye musomesa? Sisi tulidhani wewe ndiye uliyewavusha."

Sijui nilirudi vipi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mtoto. Nianze na matokeo, nimalizie na mama? Au nianze na mama? Nimpe ushindi na uyatima kwa mdomo mmoja? Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia yule mama, mwanamke gani huyu anamwaga mtoto kwa watu, anakwenda zake.

Nilimkuta uani anafua sare yake. Mama yangu alikuwa kando anaanua nguo. Nikamwambia amefaulu, ni wa kwanza. Akatabasamu, akaficha uso kwenye bega. Kisha nikaanza, "Nimetoka Kansanga..."

"Najua, Mwalimu," akasema. "Hawapo."

Alijua tangu Jumamosi ile. Alipokuwa anaambiwa asipoteze mafuta ya taa alikuwa anaagwa, na alijua kwamba anaagwa. Mama yake alimwambia njiani, wakipanda kilima na ule mkungu wa matoke, kwamba baba hawezi kuendelea kujificha, watavuka mpaka, na yeye atabaki amalize mtihani, watamtafuta mambo yakitulia. Na akamwambia asinieleze. "Alisema una moyo mzuri," mtoto akaniambia, anasugua kola, "lakini unauliza sana."

Nikamgeukia mama yangu. Hakushtuka. Alikuwa anakunja shuka, pembe kwa pembe.

"Na wewe ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Miezi yote hii. Namlaumu mtoto ana roho ngumu, unanisikiliza. Wamekwenda wapi, mama? Kenya? Kwa nani?"

Aliweka shuka chini. Hakunijibu kwa hasira. Alinijibu kama mtu aliyechoka kupita kiasi.

"Niliulizwa mara moja, mwanangu, nikajibu," akasema. "Sitajibu tena. Hata akiuliza nani. Hata ukiuliza wewe."

Nilikaa chini pale pale uani nikalia kwa sauti, mtu mzima, mwalimu, namlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu achukuliwe. Mama akaja akakaa karibu yangu. Mtoto alisuuza sare yake, akaianika, akatuletea maji ya kunawa uso.